Akina Mama Wanne wa Titye Hawafutwi

Yusta mwanangu,

Usiifungue barua hii ukiwa bado Kasulu. Nakujua, utarudi mbio kuja kunibishia, na basi la alfajiri halimngoji mtu. Nimeiweka kwenye mfuko wa kompyuta yako kwa sababu huo ndio mzigo pekee ambao hutamkabidhi kondakta. Isome ukishapita Kibondo. Hapo hata ukikasirika, utakasirika na dirisha.

Sasa hivi ni saa kumi jioni. Wewe umeenda kumuaga shangazi yako, mimi niko dukani, mlango nimeurudishia nusu. Wanafunzi wawili wamepita wanataka kuchapiwa kazi zao, nimewaambia printa imeharibika. Mungu anisamehe, printa ni nzima. Habari za kula vizuri, kulala mapema na kuficha simu kwenye basi umeshaambiwa na mtaa mzima, mimi sina la kuongeza. Mimi nina ugomvi na wewe, na ugomvi wenyewe ni wa jana.

Jana asubuhi ulikaa kwenye kiti changu hiki hiki, simu umeiweka sauti ya nje kwa sababu mikono yote ilikuwa kwenye kibodi. Msimamizi wako akasema, nami nikasikia neno kwa neno: "Yusta, makala yako ya mbegu ni nzuri, lakini orodha ya marejeo ni aibu. Kila penye hao bibi zako uliowahoji Titye pametoka alama za kuuliza. Watoe. Andika tu 'wakulima wa eneo hilo', inatosha. Ukifika Jumatatu nataka niione safi, niipeleke kwa wachapishaji, ndipo tuzungumze habari ya nafasi yako ya shahada ya pili."

Ukajibu, "Sawa, daktari." Hata mate hukumeza.

Kisha ukanigeukia mimi. "Mama, wewe ndiye fundi wa mambo haya. Nifutie hao wanne wakati mimi nafunga begi. Ni majina tu."

Nikanyamaza, ukadhani nimekubali. Mimi nikinyamaza, Yusta, ujue kuna jambo. Kasulu nzima wanalijua hilo isipokuwa wewe niliyekuzaa.

"Ni majina tu." Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, hapa hapa dukani, mbele ya mama mmoja mtu mzima, na sijawahi kukusimulia kwa sababu ninaona aibu. Leo nasema. Heri uijue aibu yangu kuliko uibebe bila kujua.

Ulikuwa darasa la tatu. Duka lilikuwa jipya, nina kompyuta moja na ulimi mrefu. Akaja Mwalimu Sanga, mtu wa Njombe aliyehamishiwa huku, anaandika tasnifu juu ya zahanati ya Rungwe Mpya na maisha yalivyokuwa kabla haijajengwa. Huyo ndiye aliyenifundisha programu ile unayonisifia leo. Wengine wote mjini walikuwa wanachapa na kuona papo hapo. Mimi naandika maneno pamoja na amri, halafu naiambia mashine ipange, kurasa zinatoka zimenyooka. Vyanzo vyote vinakaa kwenye faili lake pembeni, na kila chanzo unakipa ufunguo, neno fupi la kukiitia. Kwenye maandishi unaweka ufunguo tu. Mashine yenyewe inakwenda kutafuta, inaweka namba, na mwishoni inapanga orodha. Nilijiona nimefika. Nilikuwa natembea mjini kidevu juu.

Mwalimu Sanga aliwahoji watu wengi kule. Wawili walikuwa ndugu wa tumbo moja. Kaka alikuwa fundi ujenzi, alieleza jinsi walivyofyatua matofali ya zahanati. Dada alikuwa mkunga wa jadi, alieleza jinsi wanawake walivyojifungua kabla ya matofali hayo kuwapo. Nyumbani kwao kaka anaitwa Ntahondi, dada anaitwa Nyamwiza. Huhitaji nikufundishe, wewe ni Muha: kwetu kila mtoto anapewa jina lake mwenyewe, hakuna anayerithi la baba akalivaa kama koti. Lakini shuleni na kwenye vitambulisho wanataka jina la baba liwe la mwisho, basi wote wawili kwa serikali wakawa akina Ruhuza. Mmoja Anatoli Ruhuza, mwingine Anastazia Ruhuza.

Mwalimu Sanga, mgeni wa watu, aliandika majina yote kwenye karatasi zake, hadi yale ya nyumbani. Mimi mwenyeji ndiye niliyeyakata. Nilitaka kazi ionekane ya kisomi. Nikaweka ufunguo wa kila mmoja kwa jina la baba na mwaka wa mahojiano. Funguo mbili, zote sawasawa.

Unajua mashine inafanya nini hapo. Inamchukua wa kwanza, wa pili inamruka. Haisimami, haipigi kelele. Inakuandikia onyo dogo tu, kwamba hiki kimerudiwa, halafu inaendelea na kazi. Nililiona onyo lile, Yusta. Sitaki udanganyike kwamba sikuliona. Lakini umeme ulikuwa unakatika kila mara siku ile, Mwalimu Sanga amesimama mlangoni anatazama saa, na kurasa zilikuwa zimetoka nzuri ajabu, hakuna hata alama moja ya kuuliza. Nikajiambia, lingekuwa kosa lingezuia. Nikachapa, nikafunga jalada, nikampa. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

Kwenye tasnifu ile kila penye maneno ya mkunga pana namba kumi na nne. Ukienda mwisho kwenye kumi na nne unamkuta Anatoli Ruhuza. Mzee ambaye mkewe akishikwa na uchungu yeye anakimbilia kwa jirani, akawa ndiye mjuzi wa kugeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni.

Cheka, na mimi nilicheka siku niliposikia. Kumbe watu wa mambo ya uzazi walikuwa na kikao Kibondo, wanajadili kama wakunga wa zamani waruhusiwe kuwasindikiza wanawake mpaka wodini. Mmoja wao alikuwa ameisoma tasnifu. Wakamwita mjuzi wa Rungwe Mpya. Barua ikaenda kwa Anatoli, naye mzee akavaa koti lake, akapanda gari, akala wali, akaulizwa, akasema kweli yake kwamba yeye anajua matofali. Wakamshukuru wakaendelea. Wakaamua bila kumsikia mkunga hata mmoja. Waliamua hapana.

Miezi kadhaa baadaye, siku ya soko, akaingia dukani mama mmoja mwembamba, mrefu, kitabu amekifunga ndani ya kitenge. "Mwakeye, mwanangu," akanisalimu kwa Kiha. Nikamwamkia, nikampa kiti. Hakukaa. Akakifungua kile kitabu mezani, akaweka kidole kwenye ukurasa.

"Haya ni maneno yangu," akasema. "Mimi kusoma nimejifunza ukubwani, lakini maneno yangu nayajua. Sasa nionyeshe nilipo mimi."

Nikaangalia namba, nikaangalia orodha. Huyu ndiye mkunga, Anastazia. Nilijua palepale. Unajua nikamjibu nini? "Mama, hiyo ni kompyuta imekosea."

Akaniangalia. "Kompyuta ilikuja kwangu? Ilikula ugali wangu? Aliyeiambia niko wapi au siko, ni nani?"

Dukani kulikuwa na walimu wanne wanasubiri kazi zao. Niliona wakinitazama, nikaona duka langu linakufa. Basi nikajivika kiburi. Nikasema, "Mama, maneno yako yamesomwa, hilo ndilo kubwa. Hilo lingine ni jina tu."

Hakunitukana, na mimi ningependa angenitukana. Alikifunga kitabu ndani ya kitenge taratibu, akasema, "Wanawake wangu wanatembea peke yao mpaka wodini kwa sababu ya hilo jina tu." Akatoka. Walimu wale wakaendelea na habari zao za uhamisho, mimi nikaendelea kuchapa, na sikujua ninachapa nini.

Ilinichukua mwaka mzima kumfuata. Mwaka mzima, Yusta, na Rungwe Mpya si mbali. Nilirekebisha faili, kila mtu nikampa ufunguo wake na jina lake kamili, la ubatizo, la nyumbani na la baba. Nikachapa ukurasa ule upya, nikapanda bodaboda, nikafika nimejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikampa kwa mikono miwili, nikasema, "Aliyekosea ni mimi. Nililiona onyo nikalipita."

Akausoma mstari wake kwa kidole. Akasema, "Asante. Sasa nenda ukawasomee wale wa Kibondo." Akaenda kunitilia maji ya kunawa, tukala muhogo na maharage, na hakulitaja tena. Mwalimu Sanga alikuwa ameshahamishwa, tasnifu imeshakaa makabatini kwa watu, na kikao kile hakikurudi. Nilikuwa na ukurasa sahihi ambao hakuna mtu angeusoma.

Tangu siku hiyo mimi simfuti mtu. Wanafunzi wamenijia na kila hila. "Mama, chanzo hiki kinaleta shida, kiondoe tu." Siondoi ng'o. Nitakaa nacho mpaka kikae sawa, au uchukue kazi yako upeleke kwa wengine. Wengi wamepeleka kwa wengine. Wamenipachika jina, Mama Marejeo, wanadhani sijui. Waseme. Nimeitwa mabaya kuliko hayo, na lile baya kuliko yote hakuna aliyeniita, nilijiita mwenyewe nikiwa narudi kwenye ile bodaboda.

Sasa tuje kwako.

Ulikaa Titye msimu mzima wa mavuno. Ulirudi hapa umekonda, una majivu mpaka kwenye daftari, na usiku ule hukulala, unanieleza jinsi mama Yasinta Nyabitoke anavyoionja punje ya maharage kwa jino kujua kama imekauka kiasi cha kuhifadhiwa. Jinsi Veronika Ndabunze anavyochagua mbegu kwa kuzitupa kwenye ungo na kusikiliza. Jinsi mama Suzana na wifi yake Melania wanavyohifadhi aina saba, kila aina na chungu chake, na hawazichanganyi hata njaa iwe kali vipi. Uliniambia mama Yasinta alikuuliza, "Utaandika kwamba ni mimi?" Nawe ukamjibu, "Nitaandika." Ulinisimulia mwenyewe, ukiwa umekaa juu ya gunia jikoni, unajisikia mtu mkubwa. Na mimi nilikuona mkubwa kweli.

Leo umeambiwa uandike "wakulima wa eneo hilo". Wakulima gani? Eneo hilo lina watu wangapi wasiojua hata kuonja punje? Nami ni mkulima wa eneo hilo, maharage yangu yanatobolewa na wadudu kila mwaka.

Sidharau hofu yako. Huyo bwana ana nafasi yako mkononi, na wewe umeisotea. Najua ulivyosoma kwa tochi ya simu. Najua pia kwamba mtoto wa mwenye duka la kuchapia, akitoka huku juu kwenda kukaa na watoto wa wakubwa, anajiona hana ruhusa ya kusema hapana. Mimi nilikuwa na hofu hiyo hiyo mbele ya walimu wanne tu. Lakini nilichokipata kwa kuogopa nimekuambia. Duka lilibaki, walimu walirudi, na yule mama akatembea na kitabu chake kurudi Rungwe Mpya. Kama kuna siku ningeomba nirudishiwe, si ya harusi yangu, ni ile.

Kwa hiyo jana ulipotoka nilikaa, nikafungua faili lako, na nikaanza kutafuta ugonjwa. Msimamizi wako anasema bibi zako wanaharibu orodha. Uongo. Hawakuharibu kitu. Aliyeharibu ni wewe, binti yangu msomi, na umeharibu kwa urithi. Wote wanne umewapa ufunguo mmoja, umeandika "titye" mara nne. Mashine imemchukua mama Yasinta, wenzake watatu imewaruka. Nilicheka peke yangu, halafu nikalia kidogo, kisha nikakoroga uji nikaendelea.

Kumbe si hilo tu. Ndani ya maandishi umewaita kwa ufunguo mwingine, wenye nafasi katikati ya maneno, na ile programu nafasi haiitaki. Ndiyo maana zikatoka alama za kuuliza: ulikuwa unaita watu kwa majina ambayo hukuwaandikisha. Halafu umeiga muundo wa vitabu, wenye mahali pa mchapishaji na mji, na mama Veronika hana mchapishaji. Mahojiano yana muundo wake, unaandika jina, "mahojiano na mwandishi", kijiji na siku. Na yale majina ya nyumbani yalikuwa yanakatwa yanabaki herufi moja, mpaka nilipoyazungushia mabano ya mkunjo mara mbili, mashine ikaambiwa usiguse, ikatii. Baada ya hapo nikayafuta mafaili ya zamani ambayo mashine hujiachia yenyewe, maana ilikuwa bado inakumbuka makosa ya juzi. Nikaipitisha upya: maandishi, marejeo, maandishi, maandishi tena. Ukiipitisha mara moja ukakata tamaa, itakuonyesha alama za kuuliza hata kama umeandika sahihi. Wengi wanaishia hapo, wanafuta watu kwa sababu hawakurudia.

Atakuambia hawajachapisha kitu, kwa hiyo hawastahili orodha. Mwambie yeye alichapisha, je, anajua kuhifadhi mbegu? Sawa, usimwambie hivyo, mimi ndiye ningemwambia. Wewe mwambie kwa adabu: walikubali, waliomba majina yao yaandikwe, na umewaahidi. Akisema jarida halitaki mahojiano kwenye orodha, wapeleke chini ya ukurasa. Akisema chini ya ukurasa hapafai, waandike ndani ya sentensi yenyewe, Yasinta Nyabitoke wa Titye anasema hivi. Njia ni nyingi kwa mtu anayetaka. Na akikunyima nafasi kwa ajili ya mistari minne, rudi nyumbani. Sikutanii. Kitanda chako kipo, duka lipo, tutaanza tena na msimamizi mwingine, na mtu wa kwanza kukucheka mtaani atanijua mimi ni nani. Lakini sidhani atakunyima. Watu wa namna hiyo mara nyingi wanasukuma tu waone kama utasogea.

Nisikufiche, naogopa. Naogopa ukinitii ukaikosa nafasi utanilaumu miaka yote, na utakuwa na haki. Usiku mmoja mzima nilifikiri nifanye ulichoniomba, niwafute nikae kimya, ili wewe uende salama. Mama ni mama. Ningekuwa nimekutoa kwenye tope kwa mkono wangu. Halafu nikafikiri, nikiwafuta mimi, utaishi unasema ni Mama aliyefuta. Utakuwa na mtu wa kumsingizia, kama mimi nilivyokuwa na kompyuta.

Basi sikuwafuta. Ukiifungua hiyo kompyuta, iambie ipange, utaona. Kurasa ishirini na mbili, hakuna alama ya kuuliza, hakuna kosa, hakuna hata onyo moja. Wanne wote wapo, kila mmoja na ufunguo wake na jina lake lote. Orodha ni safi kama alivyotaka bwana huyo, kwa hiyo ile sababu yake imekwisha, na ya kwako pia.

Kuwaondoa sasa ni rahisi sana, unafuta mistari minne tu. Ila utakuwa unaifuta huku kila kitu kinafanya kazi. Mashine haitakulazimisha, mimi sipo, na daktari wako yuko mbali bado. Utakuwa wewe na kidole chako.

Mama yako,
Kasulu